Mambo Tisa ya Bure Kule Patsy

Nianze kwa kukiri: karatasi ile niliiandika mimi. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye aliyetia sahihi chini, lakini vidole vilivyoigonga mashine ni hivi hivi, na uongo mwingi uliomo ni wangu.

Tulikuwa Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, miaka ya mamluki, wale Wazungu wenye bunduki waliokuja mwaka sabini na nane kutubadilishia serikali, kisha wakasahau kuondoka. Mjomba alikuwa mkuu wa ofisi ya utalii. Ofisi ilikuwa na meza mbili, mashine moja ya chapa, ramani ya visiwa iliyoliwa na mende upande wa kisiwa cha Mwali, na benchi nje kwa ajili ya watalii. Mtalii hata mmoja hakuwahi kulikalia. Walilikalia wauza samaki, wakimaliza soko.

Asubuhi moja Mjomba aliingia na wazo. Kuna nchi huko Asia, alisema, zenye vijiji vya milimani ambako watu hupanda kupunga hewa, na wenyeji wamechapisha vikaratasi vya kuwaeleza wageni mambo ya kufanya bila gharama. Na sisi tuna mlima. Tuna Patsy, kijiji chetu kisiwani Nzuwani, juu ya mji wa Mutsamudu, alikozaliwa yeye na mama.

"Andika mambo ya bure ya kufanya Patsy," alisema. "Kwa mtu asiye na pesa."

"Mjomba, mtu asiye na pesa atafikaje Patsy?"

"Wewe andika, mwanangu. Kufika ni kazi ya wizara nyingine."

Nikaandika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimekaa Moroni mwaka mzima, nikiona joto, nikichekwa kwa lafudhi yangu ya Kinzuwani kila nikienda dukani. Mtu mwenye hamu ya kwao akipewa mashine ya chapa, kijiji hugeuka pepo. Niliandika kwamba Patsy unaweza kusimama kwenye kona ya barabara ukaitazama ndege ikishuka Ouani, bure. Unaweza kunusa maua ya langilangi yakichemshwa kwenye mtambo, harufu ile ile wanayoinunua Wafaransa kwa bei kali, wewe unainusa bure mpaka kichwa kikuume. Unaweza kuutazama ukungu ukipanda. Unaweza kuutazama ukishuka. Hayo niliyahesabu mawili. Unaweza kuingia kwenye harusi yoyote, maana kwetu harusi haina mlango. Unaweza kuketi uwanjani na wazee ukasikiliza kesi ya mpaka wa shamba iliyoanza kabla hujazaliwa. Unaweza kusikiliza redio ya muuza duka, kwa betri zake. Unaweza kunywa maji ya chemchemi.

Yalikuwa manane, na Mjomba alisema nambari nane haipendezi. Basi la tisa nikaandika hivi: kunywa chai ya mchaichai katika nyumba ya mawe iliyo juu ya ile kona, penye upepo mzuri kuliko pote, ambayo wenyewe hawamkatai mgeni.

Ilikuwa nyumba ya mama. Yaani nyumba yangu, kwa sababu kwetu nyumba ni ya mwanamke, hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mimi ndiye binti pekee. Niliisifu mbele ya watu bila hata kusema mashallah. Nimejutia mengi maishani, lakini kwa hilo la tisa bado hujipiga kofi.

Nakala ishirini za stensili zilisambazwa. Kumi na tisa zilifungiwa karanga. Moja ilifika kambini, na baada ya wiki mbili akaingia ofisini mtalii wetu wa kwanza, na bastola kiunoni. Alikuwa ofisa wa mamluki, mnene, ngozi imeungua, kachoka na joto la Moroni kama mimi. Alikuwa amesilimu Ijumaa moja na kupewa jina zuri la Kiislamu, ambalo alilivaa kama alivyovaa kofia, likimbana alilivua. Sisi tulimwita Komanda.

Komanda aliweka kidole juu ya nambari tisa. Alitaka nyumba hiyo. Alitafuta pa kupumzikia milimani, na tayari wenzake wengine walikuwa wamejipatia mashamba.

Hapo ndipo Mjomba alipotenda kosa ambalo hulitenda kila mwanamume wa visiwa hivi akishafunga tai: alijisahau akadhani ana nyumba. Alikunja mguu, akasema nyumba ni ya familia yake. Komanda akauliza bei. Mjomba akakumbuka, akatokwa jasho, akaeleza kwamba nyumba za kwetu haziuzwi, ni za wanawake, mwanamume huingia kwa ndoa tu.

"Mwanamke mwenyewe yuko wapi?" Komanda aliuliza.

Mjomba alinyoosha mkono kuelekea mashine ya chapa.

Niliacha kugonga. Nilikuwa nimeandika mambo tisa ya bure na sasa nimekuwa la kumi.

Msidhani Mjomba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mdogo aliyekuwa karibu na kiti kikubwa, na miaka ile hakuna kiti kilichopatikana bila Mzungu mmoja kuitikia kwa kichwa. Aliniambia jioni ile kwamba nitakuwa na gari. Nikamwambia Patsy gari halifiki mlangoni. Akasema basi litasimama barabarani, watu walione.

Tulipanda ndege watatu mpaka Ouani, kisha gari mpaka juu. Komanda alikuja kukaa wiki moja, kuijaribu nyumba, na kunitazama mimi kidogo. Mama alitupokea mlangoni amejifunga shiromani, nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwetu, nyekundu, uso mzima umepakwa liwa ya msandali, hivyo haikuwezekana kujua amekasirika au la. Mjomba alimvuta kando akamweleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkatalia ndugu yake mbele ya mgeni, na hakumkatalia mgeni mbele ya bastola. Alisema tu, "Karibuni, chai ipo."

Nililia jikoni. Nilimwambia, "Mama, unanitoa?" Aliendelea kukata mchaichai.

"Karatasi umeandika wewe," alisema. "Huko mjini hawakukufundisha kwamba rahisi ni ghali? Futa machozi, kawaite majirani. Waambie kuanzia kesho nina kazi."

Alfajiri iliyofuata, Komanda alikunywa chai, akala mihogo, akanyoosha miguu juu ya mkeka. Mara wakaingia wanawake wanane na vinu, mawe ya kusagia liwa, mafungu ya kisamvu na vitoto migongoni. Mama akasimama katikati ya chumba na ufagio. Mjomba akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Alijua. Mwanamume gani wa Nzuwani asiyejua? Jua likitoka, nyumba ni ya wanawake. Mume, mgeni, shekhe, hata mwenye maradhi akiweza kutembea, hutoka nje uwanjani, wanakoita bangwe wenzetu wa Moroni, na harudi mpaka magharibi ila kwa chakula. Anayebakia ndani mchana husemwa mpaka wajukuu zake wasemwe.

"Tutoke kidogo, Komanda," Mjomba alisema. "Wanafagia."

Wakatoka kidogo. Walikaa kwenye benchi la mawe kuanzia saa moja mpaka saa sita, wakala, wakarudi kwenye benchi mpaka magharibi. Ukungu ulipanda, kama nilivyoandika. Kisha ukashuka. Baadaye yakaja manyunyu, ambayo sikuyaandika, na wazee wakajifunika mashali yao wakaendelea na kesi ya mpaka wa shamba. Komanda hakuelewa neno. Mjomba, aliyekuwa mdhamini wake, ilibidi aketi naye bega kwa bega, tai imelowa.

Siku ya pili Komanda alichukua ile karatasi na penseli, akaanza kuyatimiza mambo yangu moja moja. Alisimama kwenye kona kutazama ndege; siku hiyo haikuja. Alinusa langilangi akatapika nyuma ya mtambo. Kwenye chemchemi alipigiwa kelele, wanawake walikuwa wakioga. Redio ya muuza duka ilikuwa na betri zilizokufa. Alikwenda harusini, na kwa kweli hakufukuzwa, lakini katika visiwa vyetu asiyefanya ndoa kubwa, ile ya kulisha mji mzima, haketi na wakubwa hata awe na mizinga. Waliketishwa mwisho kabisa, karibu na masufuria, yeye na Mjomba wote wawili. Mjomba alikuwa na tai, ofisi na miaka arobaini na tisa, na hakuwa amefanya ndoa kubwa. Nilichungulia dirishani kwa wanawake nikacheka mpaka nikauma shiromani ya jirani.

Ndani ya nyumba yetu, mchana kutwa, ilikuwa raha ambayo sijaiona tena. Tulitwanga kisicho na haja ya kutwangwa. Tuliimba. Majirani walimwigiza Komanda anavyotembea, na Mjomba anavyomfuata nyuma na mwavuli. Lakini kila nilipokumbuka bastola nilinyamaza, na mama aliniona akanipa kitu cha kutwanga.

Siku ya nne mvua ilikuja yenyewe, si manyunyu. Adhuhuri Komanda aliinuka kwenye benchi, akakata uwanja kwa hatua ndefu akaja mlangoni. Mjomba alimkimbilia akipiga kelele kwa Kifaransa na kwa Kinzuwani, hakujua amwombe radhi nani. Wanawake waliacha kutwanga. Komanda alikuwa ameloa mpaka masikioni na mkono wake ulikuwa kiunoni. Sijui kama aliuweka kwa kusudi au ndipo mkono wake ulipozoea kukaa. Niliogopa, nasema kweli, nilimshika mama nguo kwa nyuma.

Mama alisimama kizingitini na ufagio wake.

"Mwambie," alimwambia ndugu yake, "nimesikia anataka kuoa. Ni heri. Basi ajue anachokioa. Usiku nyumba ni yake. Mchana ni yetu. Leo, kesho, na siku zote atakazojaaliwa."

Mjomba akatafsiri kwa sauti ya mgonjwa.

"Siku zote?" Komanda aliuliza. "Hata ya mvua?"

"Marehemu mume wangu aliishi hivyo miaka thelathini," mama alisema. "Benchi alilokalia ndilo hilo. Umauti ulimkuta hapo hapo, na mvua ilikuwa ikinyesha."

Komanda aligeuka akalitazama benchi. Kisha akatazama chumba chetu, wanawake wanane, vinu, watoto, mimi nyuma ya mama, na naapa alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa karibu kununua punda akakumbuka kumwangalia meno. Alirudi kwenye benchi akakaa. Kesho yake aliteremka, na Mjomba nyuma yake akikohoa.

Patsy walisimulia habari hiyo miaka. Bado wanasimulia. Bunduki zimeshinda serikali nzima, husema, zikashindwa na ufagio. Mama husifiwa, nami nikienda hupewa kiti kizuri. Simulizi lao huishia hapo, na mimi huwaacha, kwa sababu wanalojua ni hilo.

Niliporudi Moroni, Mjomba aliniwekea karatasi mezani, mwandiko wake. Hakunitazama. Yalikuwa mambo tisa ya bure kule Vouvouni, kijiji kilicho kusini ya Moroni. Komanda alikuwa ameamua kwamba milima haimfai. La tisa lilikuwa nyumba nyeupe mwisho wa kijiji, panapoonekana bahari, penye upepo mzuri, mama mjane na binti mmoja, wenyewe hawamkatai mgeni.

Nilijua ninachokisoma. Ningeweza kusema mashine imeharibika. Iliharibika kila wiki, nani angeuliza? Nilirekebisha makosa mawili ya Kifaransa cha Mjomba, nikaweka stensili, nikagonga. Na nilikuwa na furaha, nasema hilo pia. Niligonga haraka kama mtu anayefunga mlango.

Vouvouni haina ukungu. Yule mjane hakuwa na majirani wanane, au walikuwepo wakaogopa. Komanda aliingia kwa ndoa na hakutoka mchana. Walitoka wanawake, wakahamia jikoni uani. Mjomba alipata kiti chake. Mimi nilibaki na mashine.

Mamluki waliondoka mwisho wa miaka ya themanini, Komanda naye, bila kuaga. Wiki chache baadaye mwanamke wa rika langu aliingia ofisini amemshika mkono mtoto wa kike, nywele za mtoto nyekundu kama kutu. Alifungua pindo la leso yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane. Niliitambua kabla hajaikunjua, maana herufi moja ya mashine yangu ilikuwa imevunjika mguu.

"Samahani, dada," alisema. "Karatasi hii imetoka hapa?"

Nikasema ndiyo.

"Huyu mtoto anaandikishwa shule. Wanataka jina la baba yake, la kweli, la kwenye pasi. Mimi najua lile alilopewa msikitini tu. Nimefikiri aliyeandika hii alikuwa akimjua."

Mikono yangu ilikuwa juu ya mashine. Nilimwambia aliyeandika amehama.

"Atarudi?"

"Sijui."

Alishukuru. Akatoka na mtoto, akaketi kwenye benchi letu la watalii, mkabala na dirisha langu, akasema atamngoja.