Mke wa Mwenye Bucha

"Mke asiyekula mtaji! Mwanamume utataka nini tena?" Ndivyo mwenye bucha alivyowatambia rafiki zake alipooa mwanamke ambaye nyama haikumpita kooni tangu utotoni. Hakuwa na mwiko wowote. Hakuipenda tu, basi. Mume alicheka, mama mkwe alicheka, na nyama ikabaki ya kuuzwa. Kicheko hicho kilidumu mpaka tumbo lilipoanza kuonekana.

Kila asubuhi mke alipita mbele ya bucha akitoka sokoni, kikapu kimejaa mchicha, kunde na machungwa. Wateja nao wana macho. Mmoja, mropokaji asiye na kazi, akauliza kwa sauti, "Hivi hiyo nyama ina nini, mbona hata mkeo mjamzito haigusi?" Watu wakaangua kicheko. Utani ukaota miguu, ukafika mtaa wa pili, na baadhi ya wateja wakahamia kwingine. Tangu hapo mwanamke akaitwa Mchicha, na mumewe hakucheka tena.

Mama mkwe, aliyekalia droo ya pesa pale buchani kama kuku aliyeatamia, ndiye aliyekuwa na ulimi mkali zaidi. "Mwanangu," alimwambia mbele ya watu, "hapo tumboni unalea mtoto au sungura?"

Mchicha akaenda kliniki na maswali yake yote, naye mkunga hakumficha kitu: kulea mimba bila nyama inawezekana, lakini si kwa kubahatisha. Maharage au dengu kila siku. Mboga za majani zisipikwe mpaka zikafa. Chungwa lisikosekane kwenye mlo, maana ndilo linalousaidia mwili kushika madini ya kuongeza damu. Chai isinywewe pamoja na chakula, ingoje. Vidonge vya damu asiruke, na kile kidonge kingine cha vitamini ambayo haipatikani kwenye jani lolote asikisahau kamwe. Alifuata neno kwa neno, akiloweka, akisaga karanga, akila hata siku ambazo kichefuchefu kilimtaka alale tu. Alipopimwa damu, mkunga akatabasamu. "Dada, wapo wala nyama wangeitamani damu hii." Alirudi nyumbani furaha imemjaa, akawasimulia. Mama mkwe akasema mashine za kliniki mbovu.

Siku moja mumewe akamwita buchani, wateja wamejaa, akamwekea kipande cha ini la kuchoma juu ya meza. "Kula, wakuone." Alijaribu, masikini, ili nyumba ipate amani. Likarudi lote, likamwagikia sinia la utumbo. Mumewe akamwambia, watu wakisikia, kwamba hata mbwa wa jalalani wana shukrani kumshinda. Mwanamume mzima huyo, na mwenye mimba ni mke wake! Mchicha alilia njia nzima mpaka nyumbani. Kilichomshikilia ni kitu kimoja: mtoto atazaliwa mzima, nao wataona. Hakuhitaji kuombwa radhi. Alitaka wakiri, hata mara moja tu, kwamba mtoto huyu alilishwa na mama yake.

Mtoto akazaliwa. Wa kiume, mnono, kilio cha kuamsha mtaa. Mkunga akamshika mama mkono, akamwambia, "Hii kazi yako." Mama mkwe alimtazama mjukuu, akafunga mdomo, na Mchicha akadhani yamekwisha.

Asubuhi moja alisinzia kidogo baada ya kunyonyesha. Alipoamka, kitanda kitupu. Hakuuliza mtu, alifunga kanga akaenda buchani akichechemea, kidonda cha uzazi kikimuuma kila hatua.

Foleni ilifika barabarani. Mtoto alikuwa uchi kwenye sahani ya mizani, palepale lilipotolewa paja la ng'ombe, mama mkwe akimzuia kwa kiganja asidondoke, na watu wakinyoosha shingo kusoma mshale.

"Nyama ya hapa hiyo, jamani!" mama mkwe alinadi. "Supu ya mifupa asubuhi na jioni, miezi yote tisa! Mnadhani angetoka hivi kwa majani?"

Mchicha akanyoosha mikono. Mumewe akawahi, akamnyanyua mtoto juu kupita vichwa vya watu, huku anawatabasamia wateja.

"Waambie kwanza ulikula nini."

"Nipe mtoto, mume wangu. Anasikia baridi."

"Nimesema waambie."

Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Maziwa yalimtoka Mchicha yenyewe, yakalowesha kanga mbele ya wote, na aibu ikamchoma pamoja na hasira. Akakumbuka kila punje ya dengu. Akamtazama mumewe usoni, akaona kwamba hatamshusha.

"Nyama," akasema.

"Sauti, mwanangu," mama mkwe akamwambia kwa upole, akiivuta droo yake. "Wa nyuma hawajasikia."

Akasema tena, kwa sauti, wa nyuma wakasikia. Mumewe akamkabidhi mtoto, mgongo mdogo umepakaa damu ya ng'ombe, kisha akashika kisu na kumuuliza mteja wa kwanza anataka kilo ngapi.