Kiti cha Mgeni Rasmi

Nichekeni tu. Mimi mwenyewe tangu juzi sijui pa kuuweka uso wangu.

Ninafundisha ubunifu na ufundi katika shule moja huku Ihumwa. Majuzi nilijigamba ofisini, mkuu wa shule akisikia, kwamba mchoro mzuri hauhitaji maelezo, na mwalimu anayeueleza basi hajui kuchora. Kwa hiyo kidato cha kwanza walipopewa kazi ya kutengeneza kiti cha mgeni rasmi wa sherehe ya wazazi, niliingia darasani nimefunga mdomo. Nikachora ubaoni kiti kinavyoonekana kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu. Nikajipangusa chaki, nikawaachia mbao, nikaenda zangu msibani Bahi.

Nilirudi siku ya sherehe. Mgeni alikuwa amesimama anasubiri kiti chake. Mkuu wa shule akavuta kwa madaha kitambaa kilichofunika kazi ya wanafunzi.

Ukutani palikuwa na fremu mbili bapa zimeegemezwa. Moja ilikuwa na mgongo na miguu miwili, nyingine kama kiti kilichopigwa pasi kikalala ubavu. Chini palikuwa na ubao wa mraba.

"Neema, kiti kiko wapi?" nikamnong'oneza kiranja wa darasa.

"Si hivyo, mwalimu? Tulijigawa makundi matatu, kila kundi na picha yake. Na vanishi tumepiga!"

Nikageuka nimweleze mgeni. Mkuu wa shule akanipa chaki.

"Maneno ya nini, mwalimu? Wewe tuchoree tu mgeni akae wapi."