Sauti ya Ayeeyo Katika Mafaili Yasiyo na Majina

Tangu tumzike bibi yangu, ambaye sote tulimwita ayeeyo, mama hakutaka kuisikia sauti yake. Nilikuwa nimemrekodi akinitajia mababu zetu, baba wa baba wa baba, kama kila mtoto wa kwetu anavyofundishwa. Rekodi ilikuwa kwenye kompyuta yangu tu.

Siku mama hatimaye alipoiomba, stima ilikuwa imepotea mtaa wetu mzima wa Waberi, na kompyuta yangu, isiyo na betri ya maana, ilikuwa imezimika katikati ya kazi. Stima iliporudi, Linux, mfumo unaoiendesha, ilikataa kuwaka. Ilileta maandishi meupe kwenye kioo cheusi: kumbukumbu za mahali mafaili yalipo zimeharibika, zirekebishe mwenyewe. Kisha maswali. Nifute hiki? Niunganishe kile?

Nilisomea mambo haya chuoni, lakini kila swali nililisoma upya. Nikikubali, huenda ninamfuta ayeeyo. Nikikataa, huenda ninamwacha asipatikane tena.

"Mbona hubonyezi?" mama aliuliza.

"Nafikiria, hooyo."

"Wewe utafikiria mpaka maghribi."

Nikakubali. Nikakubali tena na tena, hadi maswali yakaisha na kompyuta ikawaka.

Folda ya rekodi ilikuwa tupu. Yaliyookolewa yalikuwa yametupwa kwenye folda ya vitu vilivyookotwa, kila faili likiwa na namba badala ya jina. Nilimweleza mama kwamba ni kama ngamia waliopotea, wakakusanywa kwenye zizi la mtu mwingine.

"Na ngamia wako hukumtia chapa?" akasema. "Shahada yote hiyo!"

Nilifungua moja baada ya jingine. Picha nusu. Barua zangu za kuomba kazi, hizo zote zilikuwa nzima. Kisha mbuzi akalia, na ayeeyo akasema, "Keti vizuri, sikiliza."

Mama akaushika ukingo wa meza. Ayeeyo alitaja jina langu, la baba, la babu, akaendelea kupanda, halafu akakatika katikati ya jina.

"Endelea," mama akasema.

"Imeishia hapo, hooyo." Nilijaribu mafaili yote yaliyobaki. Hakuwamo.

"Basi irudishe mwanzo."

Nikairudisha. Tulipokaribia pale inapokatika, mama aliinamisha sikio, kama kwamba safari hii ayeeyo angelimaliza lile jina. Nami nikainama.