Mfalme Mwenye Njaa Siku ya Mahari Yangu

Kwetu Kivu, msichana hakai na wanaojadili mahari yake. Kwa hiyo Jumamosi ile nilifungiwa chumbani, nyumbani kwetu Berchem, Bruxelles, nimevaa kitenge kipya kilichoshonwa Matonge, mtaa wa Wakongo, na furaha imenijaa hata siwezi kuketi. Nilitega sikio mlangoni bila aibu.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeshika orodha. Wageni, watu wa upande wa mchumba wangu, walikuwa wamekwisha kukubali mbuzi, suti ya baba, vitenge vya mama na gunia la chumvi. Kila wakikubali, yeye anaongeza.

“Bon, na kinga,” alisema, yaani baiskeli. “Mais ya électrique, ya umeme. Hapa ni Bruxelles.”

Nikasikia viti vinasogezwa. Walikuwa wanainuka kwenda zao, na mchumba wangu pamoja nao.

Baba akaniita mbiombio. Ndipo msichana anapoulizwa mbele ya wote kama mahari ipokewe, na desturi inamtaka aseme ndiyo tu.

“Mutoto yangu, tukamate hii vitu?”

Nilisoma Kigiriki cha kale sekondari, na hadithi zake hazijanitoka. Nikaomba niwasimulie moja. Maneno yakawa yanakimbizana mdomoni: mfalme alikata mti mtakatifu ajengee ukumbi wa karamu, na mungu mke mwenye mti akamtia njaa isiyokatika. Alikula mifugo yote, akamaliza mali, akamuuza binti yake apate chakula. Binti alikuwa na uwezo wa kujigeuza. Akawa farasi, akatoroka, akarudi nyumbani. Akauzwa tena. Akawa ndege, akarudi, akauzwa tena. Mwishowe mfalme akaanza kujitafuna mwenyewe.

“Hizo ni histoire za Bazungu,” baba mkubwa alisema, akicheka peke yake.

Baba alikuwa ananitazama mimi.

“Na ule binti,” akauliza sababu, “juu ya nini alikuwa anarudia kwake?”

“Juu ule mufalme alikuwa baba yake.”

Baba akaichukua orodha mkononi mwa kaka yake, akaikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni.

“Donc muikale,” akawaambia wageni, akiwaonyesha viti. “Ile mulishakubali inatosha.”

Nikasema ndiyo kabla hajaniuliza tena.