Fundi wa Miiba

Wiki iliyopita nilipigiwa simu nikiwa nyumbani Karatu, nikaambiwa kwamba yule fundi baiskeli wa njia panda ya Mang'ola amefariki na tayari amezikwa kwao Buger. Wasomaji wa huku mnamjua. Wa mbali nitawaeleza: alikuwa mzee mwembamba, mchache wa maneno, aliyenyoosha magurudumu kwa vifaa alivyojitengenezea mwenyewe. Sikuwa ndugu yake wala rafiki yake. Mimi ni mtu aliyemkosea, katika safu hii hii, na sikuwahi kumwomba radhi.

Kifaa chake kikubwa kilikuwa foku ya baiskeli kuukuu, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, iliyosimamishwa miguu juu katika kigogo. Gurudumu lilikaa kati ya miguu hiyo, na kando ya rimu alifunga mwiba wa nungunungu kwa kipande cha mpira. Ukilizungusha, pale rimu ilipoyumba mwiba ulikwaruza, naye akajua spoku ipi ya kukaza na ipi ya kulegeza. Spana ya spoku alijichongea kwa tupa kutoka jembe lililochakaa. Tena hakuwa mchoyo wa ujuzi. Wakulima walioshusha mahindi yao kwa baiskeli aliwaketisha pale, akawaonyesha namna ya kujitengenezea vifaa kama hivyo. "Rimu haisubiri ufike mjini ndipo ipinde," aliwaambia.

Siku moja mchukuzi wa vitunguu alianguka na mzigo wake kwenye mteremko wa barabara ya Mang'ola, akavunjika mkono. Alinisimulia kwamba gurudumu lilikunjika kwa sababu fundi alilinyoosha kwa miiba. Kwa mwandishi, habari ya namna hiyo ni kitoweo. Sikwenda kumuuliza fundi, ingawa kutoka kwangu hadi kijiweni kwake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Niliandika safu ya kuchekesha kuhusu "fundi wa miiba", nikahoji hadi lini tutakabidhi roho zetu kwa vyuma vya kuokoteza wakati maduka yana vifaa halisi. Sikumtaja jina, nikajiona muungwana. Lakini jina lile la kijembe lilimganda. Watu walilisema mnadani wakicheka, na wakulima wakaacha kuketi pale kujifunza.

Mkono ulipopona, mchukuzi yule alinikuta mnadani, akaniambia bila haya: "Lile tairi fundi alikataa hata kuligusa, bwana. Alisema rimu ina ufa, nisipakie mzigo. Mimi nikakaza spoku mwenyewe njiani, kwa koleo. Siku ile nilikuwa na hasira, na wewe hukuniuliza zaidi."

Nilipaswa kuandika wiki ile ile. Badala yake niliandika kuhusu mvua, kisha kuhusu foleni ya magari ya watalii kwenye lango la Ngorongoro, nikijidanganya kwamba watu husahau. Mwaka uliofuata gurudumu langu mwenyewe liliyumba, nikampelekea, nikitumaini atanifokea ili tumalizane. Hakufoka. Alilizungusha, akakaza, akalegeza, hadi mwiba ukanyamaza. Nikainuka. "Kaa, mwandishi," alisema. "Bado sijaligeuza." Akalichomoa, akaligeuza ubavu, akalirudisha, na sasa rimu ikaugusa mwiba ule ule mzunguko mzima. Lilikuwa limenyooka, ila halikukaa katikati. Akaanza kazi upya, taratibu, kana kwamba gurudumu lile ni la rafiki yake. Muda wote ule neno la radhi lilikuwa mdomoni mwangu. Nikalimeza, nikaaga.

Siku hizi bodaboda zimejaa, na baiskeli zilizobaki tunazipeleka dukani zikabadilishiwe gurudumu zima. Ningependa kuzilaumu bodaboda kwa ujuzi uliopotea, lakini sehemu yake niliipoteza mimi, kwa mzaha wa aya chache. Fundi alipima mara mbili hata gurudumu la mtu aliyemdhalilisha, na mimi sikupima hata mara moja kabla ya kushika kalamu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kalamu yangu ni ulimi mrefu unaofika hadi vijiji vya mbali kama Arash. Naona aibu kuyaandika haya, na nastahili kuiona.

Juzi nilikwenda Buger kutoa pole. Nilimweleza mjane wake yote, nikamwomba ruhusa ya kumtaja mumewe safari hii kwa jina lake kamili, ili nimrudishie heshima yake. Aliitazama ile foku, iliyoletwa nyumbani na kusimamishwa uani, mwiba bado umefungwa.

"Jina la nini, baba?" alisema. "Siku ile hukumtaja, na kila mtu alijua. Andika fundi wa miiba tu. Watajua."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Basi nimeandika kama alivyoniagiza. Nawe uliyemsema mtu vibaya, iwe gazetini au kijiweni, mwendee leo ungali unamkuta. Mimi radhi yangu mmeisoma ninyi nyote, isipokuwa yeye.