Gia Nne za Kurudi Nyuma

Egau wa kijiji cha Mella alikuwa na nusu ya diploma ya umekanika. Ukimuuliza nusu ipi, alijibu: "Ile yenye nembo ya chuo. Ile yenye jina langu bado wanayo." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ameshajifunza kujicheka mapema, maana kijiji kikikuwahi kukucheka, hata jina lako hutalisikia tena, utabaki na la utani tu.

Gereji yake ilikuwa banda la mahindi nyuma ya nyumba ya mama yake. Humo ndimo ilimokaa Fokswageni ya marehemu baba yake, Mzee Ikwap, ile ya mgongo wa kobe. Ndiyo iliyomleta mama, Nasirumbi, kutoka kwao Bulumbi siku ya harusi, na shela yake na kuku wawili. Mzee alipofariki, gari lilikwama bandani, na vitukuu wa kuku wale wakarudi kutagia humo kama warithi halali.

Miaka miwili Egau alilifufua. Na kwa kuwa fundi nusu hawezi kutengeneza kitu bila kuongeza chake, akaongeza. Viti vya basi. Honi ya lori. Matairi mapana yaliyolifanya gari lionekane limeazima gambuti za mtu mwingine. Ikabaki giaboksi tu, na hapo ndipo mama alipochoka.

"Egau, Jumapili ni misa ya kumkumbuka baba yako. Gari hilo linifikishe kanisani kabla jina lake halijasomwa. Lisiponifikisha, Jumatatu Abdunoor anakuja na mizani yake."

Abdunoor alinunua vyuma chakavu. Mtu mpole, ila kila alipopita aliligonga gari lile kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

Egau akavuka mpaka hadi Busia ya Kenya, kwa Chrispinus, muuza vipuri vya magari yaliyokufa. Giaboksi ya kobe hakuna. Ya Kombi kuukuu ipo.

"Itaingia?"

"Kuingia itaingia, boss. Lakini difu yake, ile inayozungusha magurudumu, imekaa upande mwingine. Lazima uigeuze kwanza. Unajua kuigeuza?"

"Ndugu yangu, mimi nimesoma."

Si uongo, alisoma. Ila wiki waliyoanza somo la difu ndiyo wiki aliyoamua kwamba anajua ya kutosha, akaacha chuo.

Akaifunga giaboksi kwa leso, akaikumbatia juu ya bodaboda mpaka Mella. Dereva akauliza, "Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Huyu si mgonjwa. Huyu ni dawa."

Jumapili asubuhi, giaboksi ikiwa imeshafungwa, mama akaingia amevaa gomesi yake ya misa, akakaa kwenye kiti cha basi. Injini ikawaka mara moja. Egau akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akaachia taratibu. Gari likarudi nyuma kwa adabu zote, likatoboa ukuta wa matete, likatokea upande wa pili na kuku mmoja juu ya boneti.

Akaingiza ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Mwisho, kwa kukosa la kufanya, akaingiza rivasi. Likaenda mbele. Hesabu ya difu isiyogeuzwa ikawa hiyo: gia nne za kurudi nyuma, moja ya kwenda mbele.

"Egau, gari inakwenda wapi?"

"Inakumbuka ilikotoka, mama."

Wakaondoka kwa rivasi, wakielekea mbele, injini ikilia kama mashine ya kusaga. Baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa ikawapita, na mwenyewe akapata muda wa kusalimia na kusubiri jibu. Kengele ya pili ikalia, na kanisa bado halijaonekana.

"Mama, tunaweza kuwahi, lakini kwa aibu."

"Aibu niliizoea ulipoacha chuo. Geuza."

Akageuza. Gia ya pili, kisha ya tatu, shingo ya Egau imepinda kutazama kioo cha nyuma, vumbi likitimka mbele ya boneti. Mama, akiwa ameupa mgongo mwisho wa safari, aliwapungia mkono, kama waziri anayeaga, waliokuwa wakitembea kwa miguu. Kwenye baraza ya duka alisimama Abdunoor.

"Egau! Unakuja ama unanikimbia?"

"Nakwenda kanisani!"

"Kanisa liko nyuma yako!"

"Ndiyo maana narudi nyuma!"

Padri alikuwa ameshika karatasi ya majina ya marehemu walipoingia uani kwa matako, honi ya lori ikiomba njia. Akangoja. Nasirumbi akashuka, akapangusa vumbi, akakaa benchi la mbele. Ndipo jina la Ikwap likasomwa.

Jumatatu Abdunoor akaja na mizani yake.

"Rudi nayo," mama akamwambia. "Nilisema linifikishe. Sikusema lifike likitazama wapi." Abdunoor akaligonga gari kwa kidole, mara ya mwisho, akaenda zake. Mama akamgeukia mwanawe. "Na wewe, chuo kinafungua lini?"

"Mwezi ujao."

"Utakwenda umalize ile wiki. Lakini panda bodaboda. Ukienda na gari hilo, utajikuta darasa la kwanza."

Utani huo Egau alitamani angeuwahi yeye kwanza.