Mhindi Aliyekula Mbuzi Peckham

Praful Shah hakuwa na duka. Tulimalize hilo mapema, maana Wakenya wa Peckham, kusini mwa London, walimsumbua nalo mpaka akachoka.

"Duka lako liko upande gani?" mzee mmoja wa kanisani kwa kina Wambui, mchumba wake, alimwuliza siku ya kwanza kumwona.

"Sina duka, mzee. Naendesha basi."

"Basi lako mwenyewe?"

"La kampuni."

Watu wakatazamana. Mhindi gani huyu asiye na duka? Wengine wakaamua kwamba analo, analificha tu, kama kawaida yao. Wengine wakamwita Kalasinga, ingawa hakuwa na kilemba wala ndevu, na kila alipowaeleza kwamba Kalasinga ni watu wengine kabisa, walimwitikia vizuri, halafu wakamwita Kalasinga tena. Praful alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka upesi, hasa pale alipoumia.

Alizaliwa Murang'a, Kenya. Huko ndiko baba yake alikokuwa na duka kweli, la mablanketi na mafuta ya taa. Mwaka wa sitini na nane, Wahindi wenye pasipoti za Kiingereza walipokimbilia ndege kabla Uingereza haijawafungia mlango, Praful alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Wakaja Kingsbury, kaskazini mwa London, baba akafa mapema, kaka zake wakahamia Stanmore kwenye nyumba kubwa kubwa, na yeye akabaki na mama yake, ambaye wote walimwita Ba. Nyumbani walisema Kigujarati, kazini Kiingereza, lakini dereva mwenzake alipomziba njia, matusi yaliyomtoka Praful yalikuwa ya Murang'a.

Wambui alimpata kwa mlango wa basi. Alikuwa nesi, ametoka shifti, miguu imevimba, anakimbia kwenye kituo cha Camberwell huku mlango unafungwa usoni pake. Akapiga kioo. "Ameniona huyu Mhindi! Ameniona kabisa! Ni roho mbaya tu, wako hivyo hivyo kila mahali!"

Mlango ukafunguka. "Dada, roho yangu haina shida," dereva akamwambia kwa Kiswahili safi. "Shida ni mlango, umekwama tangu asubuhi. Ingia, karibu."

Wambui alifunika uso kwa mkoba. Aliketi kiti cha mbele akicheka kwa aibu mpaka akapitishwa kituo chake, na Praful, Mungu amsamehe, alikijua kituo hicho na hakusema kitu.

Basi wakapendana. Wala si mapenzi ya kutoroka na kujificha, walikuwa watu wazima, wamepita thelathini, wamechoka kula peke yao. Praful alipompeleka kwa Ba, aliogopa kuliko siku ya mtihani wa udereva. Ba alikuwa jikoni anasukuma chapati. Wambui akanawa mikono, akachukua kifimbo cha pili, akasukuma yake, duara kamili. Ba akaweka chini cha kwake.

"Nani amekufundisha?"

"Mama yangu. Kwetu ni chakula cha Krismasi."

"Krismasi!" Ba alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo Wambui alikuwa na aproni yake nyuma ya mlango wa jikoni, na simu za Jumapili zikawa ni za wanawake wawili, Praful akingoja zamu.

Lakini Ba alikuwa Mjaini kwa dini, na Mjaini hali kitu kilichokuwa na roho. Si nyama, si samaki, si yai. Akimkuta sisimizi kwenye sinki, alimwinua kwa kipande cha karatasi na kumpeleka bustanini, hata kama mvua inanyesha. Praful hakuwa mcha Mungu sana, hekaluni alionekana kwa nadra, lakini kinywa chake kilikuwa kile mama yake alichokilea. Hakuwahi kuonja nyama maishani mwake. Na alipotangaza kwamba anataka kumwoa Wambui, na kaka zake wa Stanmore wakasema hawatakanyaga arusi hiyo, watu watasemaje, Mwafrika, Ba alisema neno moja tu.

"Mimi sikuzuii, mwanangu. Huyu binti ni mzuri. Nakuomba kinywa chako tu. Kibaki kama nilivyokuachia."

"Hilo nalo la kuomba, Ba?" Praful akasema. Na aliposema hivyo, alikuwa anasema kweli kabisa.

Kwa upande wa Wambui kulikuwa na Solomon. Solomon alikuwa ndugu wa baba yake, ndiye aliyemlea Wambui baba huyo alipokufa, na Wambui alimwita baba. Bila Solomon hapakuwa na ndoa. Na Solomon alikuwa na jambo lake na Wahindi, tena la siku nyingi. Wambui alipomwambia kwamba mchumba wake hali nyama, mzee alicheka kicheko kibaya.

"Nilijua. Mhindi atakuuzia, atataniana nawe, lakini kula nawe? Thubutu!"

"Baba, si dharau. Ni dini. Hata kwa Mhindi mwenzake hali nyama."

"Dini! Kila siku ni dini."

Waligombana juma zima. Wambui alilia, akanuna, akaacha kupokea simu, na mwishoni Teresia, mke wa Solomon, akamwambia mumewe kwamba kama nyama ni kubwa kuliko mtoto, basi amwoe huyo mbuzi. Solomon akakubali kwa shingo upande. Mhindi aje, akae, ale mboga zake.

Wambui hakutaka makosa. Teresia akanunua sufuria mpya na mwiko mpya, vitu visivyowahi kugusana na nyama. Githeri, yaani mahindi na maharage, itapikwa bila kitunguu, ambacho Wajaini nacho hawali, na Ba mwenyewe atatoa maelekezo kwa simu kutoka Kingsbury. "Wewe usijali lolote," Wambui alimwambia Praful. "Nimepanga kila kitu. Ukiona wameanza kula, ningoje tu."

Jumapili ya posa Praful alikwenda peke yake, kwa kuwa kaka zake walisusa. Kwenda peke yako kutafuta mke kwa Wakikuyu, ambako mtu hupelekwa na ukoo, jamani! Solomon alimfungulia mlango wa fleti yake ya Peckham, akachungulia nyuma yake kwenye korido tupu.

"Wenzako wanaegesha gari?"

"Niko peke yangu, mzee."

"Umekuja kama mwuza bima," Solomon akasema, na wazee waliokuwa sebuleni wakaangua kicheko. Praful naye akacheka. Nimeshasema alikuwa mtu wa kucheka upesi.

Wambui na Teresia walikuwa jikoni. Sebuleni mazungumzo yalipoa, na ndipo mzee mmoja, kwa kuchokoza tu, akamwambia Solomon asimulie habari ya tajiri wake wa Nairobi. Solomon akasimulia. Ujana wake wote alibeba saruji katika duka la Mhindi. Mchana tajiri na watoto wake walikula ndani, yeye nje juu ya magunia. Maji alikunywa kwa kopo lake, lililofungwa kwa kamba kwenye bomba. Tajiri alipofiwa na baba, Solomon alibeba kuni za kumchomea maiti, akarudi na wafiwa mpaka nyumbani.

"Nikafika mlangoni na jasho langu. Nikaambiwa, Solomon, wewe ngoja hapo nje." Akaelekeza kidole mlangoni. "Nilikuwa namlilia yule mzee. Kweli kabisa. Alikuwa akinipa peremende."

Hakusimulia kwa ubaya. Afadhali angesimulia kwa ubaya. Praful aliangalia viatu vyake, akakumbuka duka la Murang'a, na kijana mmoja aliyekuwa akishusha mablanketi kwenye lori. Hakuweza kukumbuka hata siku moja kijana huyo akiwa ndani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mbuzi akaletwa, ametoka kwenye oveni, juu ya ubao. Solomon akachukua kisu, akawa anakata na kumpa kila mgeni mkononi, kama inavyopasa. Akampa wa kwanza, wa pili, akafika kwa Praful. Akamruka.

"Huyu tumwache," akasema kwa upole. "Hawa hawali kwetu."

Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Nyuma yake sufuria mpya ilikuwa inaepuliwa. Praful alijua. Alijua, na bado akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mzee, mimi hujanipa."

Solomon akageuka. "Unasema?"

"Nasema hujanipa."

Solomon akakata kipande cha ubavu, taratibu, akampa. Praful akakitia kinywani. Kilikuwa cha moto, kina chumvi, kinateleza. Hakujua kitafunwe vipi, meno yake hayakuwahi kufanya kazi hiyo. Akamwona mama yake. Akaendelea kutafuna. Akameza.

Ulizuka mshindo pale ndani! Wazee walisimama, wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi. Solomon alitupa kisu mezani, akamkumbatia Praful kwa mikono yenye mafuta, na alikuwa analia, machozi kweli kweli, mtu mzima mwenye mvi. "Mmoja tu," alikuwa anasema, "nilikuwa namtafuta mmoja tu. Huyu ni mtoto wangu! Mpeni huyu mke wake leo hii!"

Na Wambui alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya githeri, mvuke unampanda usoni.

Aliweka sahani mezani, akatoka nje, na Praful akamfuata mpaka kwenye ngazi za jengo.

"Wamekubali!" Praful akamwambia. "Umesikia? Baba yako amekubali!"

"Amemkubali nani?"

"Mimi."

"Wewe hata sikukuona pale. Nimepigana na hawa watu ili wakupokee ulivyo. Ulivyo, Praful! Nimemlilia baba yangu. Mama yako yuko kwenye simu tangu asubuhi ananifundisha kupika. Na wewe ukashindwa kuningoja?"

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Mimi nilikuwa jikoni nakupikia!"

Alijaribu kumweleza. Habari ya kopo na kamba, kijana wa Murang'a, jinsi alivyorukwa na ubao ule. Hakutaka kuwa Mhindi yule yule, angalau mara moja. Wambui alisikiliza yote. Alikuwa mtu wa haki, alielewa, na hilo ndilo lililomliza.

"Basi hukula kwa ajili yangu," akasema. "Ulikula kwa ajili yao. Na kilichokuwa cha mama yako umekitoa kwa makofi ya wazee. Siku nyingine wakitaka unitoe mimi, utafanyaje?"

Praful alitapika kwenye kituo cha basi, na safari nzima ya kurudi Kingsbury alikaa chini kama abiria, akifikiri namna ya kumficha mama yake jambo hilo.

Ba alikuwa mlangoni, anang'aa. "Enhe? Githeri imekuwaje? Nilimwambia asisahau bizari nyembamba."

Hakuweza kumdanganya. Alisema pale pale, koti bado liko mwilini. Ba hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Aliingia jikoni, akafunika vyakula vyote, akachemsha maji, na kuanzia hapo hakutia kitu kingine mdomoni isipokuwa maji hayo. Siku zikapita. Praful alimpigia magoti.

"Ba, niadhibu mimi. Kula, nakuomba."

"Si adhabu, wala si hasira. Nafunga kwa ajili yako," Ba akamwambia, sauti imekauka. "Ukianguka matopeni, nani mwingine wa kukuosha?"

Wambui alipiga simu kumshukuru Ba kwa mapishi, akaisikia sauti ile, akaja mbio na sare ya kazi. Alimshika mshipa wa mkono, akamtazama macho, akaketi sakafuni kando ya kitanda na kumlalia mapajani. Wanawake wale wawili walilia pamoja, mlango umefungwa, na Praful amesimama upande wa nje. Alipotoka, Wambui alikuwa ameshika aproni yake.

"Atakula jioni hii, ameniahidi," akasema. "Praful, sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa rahisi. Lakini kila nikikuangalia namwona yeye na kikombe chake cha maji, na kila ukiniangalia utaona ulichopoteza kwetu. Tutaishi vipi hivyo?"

"Tutazoea."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Akambusu shavuni, akaenda. Praful hakumwona tena, ijapokuwa aliomba njia ya Camberwell kila zamu zilipogawanywa.

Na Solomon? Solomon hakuamini kwamba mambo yameharibika. Aliwalaumu wasichana wa siku hizi. Alimpigia Praful simu kila mwezi, alimtumia salamu za Krismasi, na Mkenya yeyote wa Peckham aliyethubutu kuwasema vibaya Wahindi mbele yake, alimkatiza: "Ala! Humjui mtoto wangu Praful." Miaka miwili baadaye akapiga simu kwa furaha. Wambui anaolewa, na daktari mmoja wa Nyeri, kijana mzuri.

"Na wewe lazima uje, usiniambie habari ya kazi. Utakaa na mimi meza kuu. Nitakukatia wewe kwanza, kabla ya wote. Sikia, kuna watu hapa wanataka kukusalimia."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Wazee, akina mama, watu asiowajua, kila mmoja akimwita kwa jina lake, Praful, Praful wetu, umepotea wapi. Hakuna aliyemwita Kalasinga. Aliwajibu wote, akacheka pale pa kucheka, akawashukuru, akaweka simu chini.

"Ni nani hao?" Ba akauliza kutoka jikoni.

"Ni watu wa Peckham, Ba," akasema. "Wananipenda sana." Akakaa kwenye ngazi, uso ndani ya mikono, akalia kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia tangu alipokuwa mtoto.